Nilipombeba Bahizire

Mara ya kwanza kumwona Bahizire huku Amerika, alikuwa amevaa suti ya rangi ya majivu, anawakatia watu keki ya harusi ambayo haikuwa yake. Ilikuwa Columbus, mwaka 2014, katika ukumbi ulio nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika kwenye barabara ya Morse. Sisi tulikuwa tumetoka Louisville na magari mawili, masufuria ya sombe, majani ya muhogo, tumeyafunga kwa mataulo yasimwagike njiani. Nilipofika mbele yake na sahani yangu aliniwekea kipande kikubwa, akatabasamu.

“Mama, tulisha kuonana?”

“Bukavu iko mukubwa, Papa,” nikamjibu.

“Bon. Karibu Columbus. Mimi niko diakoni huku. Ukipata shida, unaniita.”

Keki ile sikuila. Niliifunga kwenye karatasi ya kupangusia mikono, na tuliposimama kutia mafuta nikaitumbukiza kwenye pipa la taka. Hakunikumbuka, wala sikushangaa. Wakati ule alipokuwa tajiri na mimi mbebaji, uso wangu ulikuwa umeinamia chini, na yeye alitembea mbele.

Asiyeijua Bukavu nimweleze. Mji wetu huko Kongo umejengwa juu ya milima, na bandari iko chini kando ya ziwa. Mizigo ikishuka kwenye boti hupandishwa sokoni Kadutu na wanawake. Gunia linakaa mgongoni, na ukanda unapita chini ya gunia na kuja juu ya kichwa, karibu na paji la uso. Shingo ndiyo inayofanya kazi. Mikono inashika ukanda huku na huku, macho yanaona visigino vya aliye mbele yako. Ukibeba miaka mingi, kichwa kinabonyea pale ukanda unapokaa. Changu kimebonyea. Mjukuu wangu Josiane, alipokuwa mdogo, alikuwa anaweka kidole chake pale na kucheka.

Mimi na mdogo wangu Généreuse tulibeba pamoja. Bahizire alikuwa na depo Kadutu, anauza chumvi, sukari na sabuni. Siku moja, mwaka kabla ya vita vya kwanza vya Kongo, Généreuse alikuwa na homa. Alikuja kazini hivyo hivyo, maana alikuwa na mtoto wa kunyonya, Dative, na baba wa mtoto alikuwa ameshapotelea migodini. Alipewa gunia la chumvi. Mimi nilikuwa nyuma sana siku hiyo, nimechelewa kupakiwa. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima. Katikati ya mwinuko Généreuse akaomba atue kidogo. Bahizire, wanawake walinisimulia baadaye, alikuwa mbele na mwavuli wake. Akamwambia, “Ukitua hapo haupandi tena. Chumvi italoa. Tembea!” Wanawake walitaka kumpokea, akawafokea. Généreuse akatembea, kisha akaanguka kifudifudi kwenye mfereji. Bahizire akaita mwanamke mwingine, akamtwika ile chumvi, wakaendelea kupanda. Mimi nilipofika, mvua ilikuwa imeanza. Niliuona mwavuli mweusi juu kule unakata kona. Haukugeuka. Mdogo wangu alifia mikononi mwangu kabla hatujafika hospitali.

Baadaye vita vilikuja, tukakimbia, nikaishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania miaka mingi, na Dative nikamlea kama wangu. Tulipoletwa Louisville, tukapewa nyumba mtaa wa Newburg. Dative alipokua alihamia Buffalo, akapata kazi ya kiwandani. Kila nilipomtazama akifunga kiatu au akichana nywele, nilimwona mama yake. Na kila nilipomwona mama yake, niliuona ule mwavuli. Nilitaka jambo moja tu: Bahizire aseme mbele ya watu, na mbele ya Dative, alichofanya. Lakini mtu akishakuwa diakoni mwenye suti, ukimsimamisha kanisani na kumshtaki, ni wewe utakayeambiwa umechanganyikiwa. Basi nikangoja.

Mwaka 2016 kanisa la Wazungu linalosaidiana na kanisa letu lilitangaza safari. Walikuwa wanaenda Nepali, kutembea kwa miguu hadi kambi iliyo chini ya mlima mrefu kuliko yote duniani, ili kuchangisha kwa ajili ya zahanati ya kule kwetu Kivu. Walitaka Wakongo wawili waende nao. Wa kwanza, wakasema, ameshapatikana Columbus, diakoni mmoja mzungumzaji mzuri, Papa Bahizire. Nani mwingine?

Vijana wakatazamana. Mimi nikainua mkono.

Mama Bagula, aliyekaa karibu nami, akanivuta kitenge. “Mama Murhula, shusha mkono! Kule ni barafu, hakuna basi.”

“Mimi sikuzoea basi.”

“Na magoti?”

“Magoti niko nayo mawili.”

Watu wakacheka, Wazungu nao wakacheka bila kuelewa, na yule kiongozi wa msafara, mama mrefu mwenye nywele fupi nyeupe, akaja kunikumbatia.

Nilijiandaa miezi sita. Nilichukua mkanda wa kiti cha gari bovu la mwanangu Murhula, nikaufunga kwenye gunia la mchele, nikaanza kupanda na kushuka ngazi za nje za jengo letu kila nilipotoka kazini. Majirani walitoka kutazama. Josiane alimwonea haya bibi yake. “Koko, please, rafiki zangu wanakuona!” Nikamwambia waje wabebe nao. Shingo ilikuwa imesahau. Wiki ya kwanza sikuweza kugeuka kitandani. Baadaye ikakumbuka, na nikawa nalala vizuri kuliko wakati wowote tangu nifike Amerika.

Bahizire alipaa kutoka Columbus, sisi Louisville, tukakutana uwanja wa ndege wa huko Nepali. Alikuwa na buti mpya, fimbo mbili za kutembelea, na kofia yenye kamba chini ya kidevu. Tukapanda kindege kidogo hadi Lukla, mahali ambapo uwanja wenyewe umeinama kama paa. Kuanzia hapo ni miguu.

Nchi ile ni nzuri, sitasema uongo. Maji ya mto ni meupe kama yaliyooshea mchele. Madaraja ni ya waya, yanayumba, yamefungwa vitambaa vya rangi vyenye maandishi ya sala. Nyumba nyingi zilikuwa bado zina nyufa za tetemeko la mwaka uliopita, nyingine zimeezekwa turubai. Lakini mimi nilichokiona kwanza, nikasimama katikati ya njia mpaka watu wakanigonga, ni wabebaji. Ukanda kichwani! Vilevile kama Kadutu. Kikapu mgongoni, ukanda juu ya paji la uso, macho chini. Wanaume kwa wanawake. Nikajiona niko nyumbani, nikaona hasira yangu nayo imefika nyumbani.

Miongoni mwa wabebaji wetu alikuwepo mwanamke mmoja, Phulmaya, mfupi, mwenye miguu mipana. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Jioni ya kwanza nilivua kilemba, nikamshika mkono na kumwekea kidole pale kichwani pangu palipobonyea. Kisha akachukua kidole changu akakiweka pake. Tangu siku hiyo alikuwa ananiletea chai kabla ya Wazungu.

Bahizire alikuwa anapanda haraka. Kiongozi alituonya: hewa ya juu ni nyembamba, tembeeni polepole, kunyweni maji. Yeye alikuwa anatangulia ili apigwe picha akifika. Mbele ya kamera alikuwa anasema, “Sisi Wakongo ni watu wa milima.” Begi lake kubwa lilikuwa mgongoni mwa Phulmaya. Siku moja Phulmaya alitua kikapu kwenye kiti cha mawe, vile viti vinavyojengwa kando ya njia ili mbebaji apumzishe mzigo bila kuushusha chini. Bahizire akageuka, akapiga makofi mawili. “Twende, mama, twende! Koti langu liko humo.”

Sauti ni ileile. Nilisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumsukuma, na mto ulikuwa chini kabisa. Mkono wangu ulitaka. Nikauweka mfukoni. Kumsukuma mtu ni kazi ya mara moja, na angekufa bila kujua ni kwa nini.

“Papa Bahizire,” nikamwambia, “tembea mbele. Sisi tunakuja.”

“Merci, Mama. Donc, uko na nguvu kweli!”

Tulipita vijiji, miti ikaisha, majani yakaisha, yakabaki mawe na baridi. Tulipofika Lobuche, ambapo ni mwendo wa siku moja tu kufika ile kambi, Bahizire aliamka hawezi kufunga kamba za viatu. Midomo ilikuwa ya buluu. Kifua kilikuwa kinatoa sauti ya maji yanayochemka. Kiongozi alimtazama, akasema ashuke mara moja. Helikopta haikuweza kuja, wingu lilikuwa limekaa hadi milangoni. Abebwe kwa miguu hadi Pheriche, kwenye daktari. Nani atashuka naye? Kila mtu alikuwa ametoka mbali kwa ajili ya kuiona ile kambi.

“Mimi,” nikasema.

Yule mama mrefu alilia. Alisema hajawahi kuona upendo kama huu. Nikamwacha aseme.

Walikata kikapu kikubwa upande mmoja ili miguu ya mgonjwa itokeze, wakamkalisha akitazama nyuma, wakamfunika blanketi. Phulmaya akatangulia kumbeba, na kijana mmoja wa kazi akaja kupokezana naye. Njia pale mwanzo ni tambarare. Tulipokwenda kiasi, nikamgusa Phulmaya begani, nikajigonga kifuani. Nipe. Akakataa kwa kichwa. Nikavua kilemba. Akaniangalia sana, kisha akatua kwenye jiwe, akaniwekea ukanda mwenyewe, akaurekebisha mpaka ukakaa kwenye nyumba yake, pale palipobonyea.

Nikasimama na Bahizire mgongoni.

Hewa haikuwepo. Nilihesabu kupumua kama mtu anayevuta maji kisimani kwa kamba ndefu. Lakini shingo ilimjua. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, mzito kama gunia lililolowa. Kichwa chake kilikuwa kinagonga changu, kisogo kwa kisogo.

“Nani?” akauliza kwa sauti ndogo. “Nani ananibeba?”

“Mimi, Mama Murhula.”

“Mungu akubariki, Mama.”

Nilikuwa napajua ninapoenda. Kabla njia haijaanza kushuka vibaya, kuna uwanda umejaa vichuguu vya mawe. Ni kumbukumbu za watu waliokufa kwenye ule mlima. Kila mmoja ana mawe yake, na jina lake limechongwa, na vitambaa vinapepea. Tulipokuwa tunapanda nilipita pale polepole, nikisoma majina nisiyoweza kuyatamka. Nikawaza, hawa walipanda kwa kupenda, na mawe yao yamepangwa vizuri namna hii. Mdogo wangu alipandishwa na njaa, na kaburi lake lilisombwa na maporomoko ya udongo.

Nikamtua Bahizire pale katikati ya majina. Theluji nyepesi ilianza. Phulmaya akasema kitu kwa haraka, akionyesha mbingu. Nikamwinulia kiganja: ngoja. Nikazunguka, nikachuchumaa mbele ya Bahizire, uso kwa uso.

“Papa Bahizire. Unakumbuka depo yako ya Kadutu?”

Macho yake yalitafuta. “Depo… ndiyo. Mama, twende. Niko nakufa.”

“Unakumbuka siku ya chumvi? Mwanamke alikuwa na homa, akaomba kutua. Ukasema nini?”

Nilisikia kifua chake kinachemka. Kisha nikaona imemjia. Haikumjia kama huzuni, ilimjia kama hofu.

“Ilikuwa zamani,” akasema. “Ilikuwa kazi tu, Mama.”

“Sema jina yake.”

“Mama, barafu iko nanyesha…”

“Sema jina yake, nakupandisha mugongoni.”

Midomo ilichezacheza. Akataja jina la kwanza, silo. Akataja la pili, silo. Alikuwa anabahatisha! Miaka yote ile nimelala na jina la mdogo wangu mdomoni, nikidhani na yeye analo mahali fulani, limemkaa kooni kama mfupa. Kumbe hakuwahi kuuliza. Hapo ndipo nilipomchukia kwelikweli. Mwanzoni nilikuwa nadhani ninamchukia.

“Sijue,” akasema, na akaanza kulia. “Sijue, Mama. Nisamehe.”

“Mimi si mwenye kusamehe. Mwenye kusamehe hana hata jiwe.” Nikasimama. “Ukitua hapo haupandi tena, Papa. Ni weye ulisema.”

Nikampa mgongo. Nilikaa juu ya jiwe, nikafunga kilemba changu taratibu, mkunjo baada ya mkunjo, kama ninayejiandaa kwenda kanisani. Theluji ilikuwa inamjaa mapajani. Phulmaya alikuja kunivuta mkono kwa hasira, ananifokea kwa lugha yake, na yule kijana alikuwa ameshika ukanda, anatuangalia sisi wawili hajui la kufanya. Nyuma yangu Bahizire alikuwa ananiita, Mama, Mama, mpaka sauti ikawa ya mtoto. Nilimwacha aite. Nilitaka ajue urefu wa kuita.

Kisha nikageuka. “Généreuse,” nikasema. “Sema.”

“Généreuse.”

“Alikuwa mdogo wangu. Ana mtoto, anaitwa Dative, anaishi Buffalo. Tukirudi, kanisa zote tatu zilizochanga, Louisville, Columbus na Buffalo, zitatuita kutoa ushuhuda. Utasema mbele ya mutoto yake. Yote. Hata mwavuli.”

“Nitasema.”

“Apa.”

Akaapa. Phulmaya akanisukuma pembeni kwa bega, akamtwaa yeye mwenyewe, akashuka naye kwenye ule mteremko kwa kasi ambayo sijawahi kuona. Tangu hapo hakuniletea chai tena. Hilo lilinichoma, lakini sikujuta. Kila walipompumzisha kwenye kiti cha mawe, nilimfikia na kumwambia “Sema,” naye akasema Généreuse. Usiku huo daktari wa Pheriche alimwekea hewa ya chupa, akapona. Mimi ile kambi sikuiona. Watu huniuliza kama ninasikitika. Sikwenda kutazama mawe.

Louisville walitupokea kwa ngoma na mandazi. Bahizire akashika maikrofoni. “Ndugu zangu, nilikuwa nimekufa. Lakini Mungu alinibeba!” Vigelegele. Mama Bagula akanigonga kiwiko, “Si walisema ni weye ulimubeba?” Nikamwambia, “Subiri.” Nikala mandazi yangu.

Columbus, kanisani kwake, mke wake yuko mstari wa mbele na kilemba kipana, akaongeza kidogo. “Mungu alinibeba, na Mama yetu huyu hapa alinishika mkono.” Wakanivalisha kitenge mabegani. Nikashukuru.

Siku ya kwenda Buffalo tulipanda gari moja, yeye na mke wake mbele, mimi nyuma. Tulipopita Cleveland, mke wake akiwa amelala, nikainama karibu na sikio la Bahizire.

“Louisville nilinyamaza. Columbus nilinyamaza, hata mutu hakunisikia. Buffalo ukisema Mungu, nitasimama niseme mimi. Na mimi nitaongeza ya kule kwenye mawe, vile ulilia, vile ulitaja majina ya uongo. Chagua mdomo.”

Mikono yake ilikaza usukani. “Mama, mke yangu hajue.”

“Atajua leo.”

Kanisa la Buffalo ni dogo, viti vya chuma, na chini kuna chumba cha kulia ambako chakula kilikuwa kimeshapangwa. Harufu ya wali na samaki ilikuwa inapanda ngazi. Dative alikaa mstari wa tatu, amekuja moja kwa moja kutoka kazini na viatu vyake vizito. Nilikuwa nimempigia simu kabla, nikamweleza yote. Aliuliza tu, “Atakuja kweli?”

Bahizire akasimama. Alishika maikrofoni, akafungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Kisha akaanza. Alisimulia depo, chumvi, homa, mwavuli. Alijaribu kulainisha, akasema “nilikuwa kijana,” nikakohoa, akasema, “Hapana, nilikuwa mutu mukubwa.” Alisema jina. Alisema, “Nilimwacha kwenye mfereji sababu ya gunia ya chumvi.” Mke wake aliinuka polepole, akachukua mkoba wake, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake. Mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyesema amina.

“Nimemaliza,” Bahizire akasema, akataka kukaa.

“Bado, Papa,” Dative akasema. Alikuwa amesimama. Sauti yake haikupanda. “Nina swali moja. Mimi sina picha ya mama yangu. Siku hiyo alikuwa amevaa nini?”

Bahizire akafuta uso kwa kitambaa. “Mwanangu… nafikiri kitenge chekundu.”

“Hapana.”

“Ya kijani?”

“Hapana. Simama hapo mpaka ukumbuke.”

Bahizire akanigeukia mimi. Jibu tulikuwa nalo mimi na Dative, nimemwambia tangu ana akili ya kusikia: hata rangi, hata maua yake, hata pale kwenye pindo palipoungua na pasi ya makaa. Bahizire aliniangalia vilevile kama alivyoniangalia kule kwenye theluji. Mchungaji akanitazama. Watu wote wakanitazama. Chini, wanawake walianza kufunika sufuria ili chakula kisipoe.

Nikavua viatu, nikanyoosha miguu chini ya kiti kilichokuwa mbele yangu, nikaiweka mikono mapajani. Nikamwacha asimame.